Bunduki za Kaskazini: Miaka 100 ya Kukusanya, Mbona Haziishi?

Kila kukitokea uvamizi Baringo, Turkana ama Samburu, huku Nairobi tunarudia mstari mmoja: "Si serikali iende tu ichukue hizo bunduki zote?" Nimeusikia kwa matatu, nimeusikia kwa kinyozi, nimeusikia hadi kwa watu wenye digrii mbili. Mimi chuo niliacha njiani, kwa hivyo sina digrii ya kukuonyesha. Lakini historia ya hizo bunduki nimeisoma, na inasema kitu rahisi sana: serikali imekuwa ikienda kuzichukua tangu kabla babu yako azaliwe.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels, Ubelgiji, yakaweka mkataba. Sehemu kubwa ilihusu kumaliza biashara ya watumwa, lakini ndani yake kulikuwa na sheria ya kuzuia bunduki za kisasa zisiuzwe sehemu kubwa ya Afrika. Inasikika poa, sindio? Sasa angalia nani alibaki nazo. Miaka hiyohiyo Waingereza walikuwa wanaingia ndani ya hii nchi yetu na bunduki za Maxim. Ethiopia nayo haikushikika. Menelik alinunua silaha zake Ulaya, akawachapa Waitaliano kule Adwa mwaka 1896. Bunduki nyingine zikateremka kusini na wafanyabiashara wa pembe za ndovu, zikafika Turkana na Karamoja.

Waingereza walipotaka kutawala Turkana, walituma vikosi. Kikubwa kilikuwa Labur Patrol, mwaka 1918. Vikosi hivyo vilichukua bunduki, na vikachukua mifugo kwa maelfu. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 Waturkana walikuwa wamenyang'anywa silaha. Shida ni kwamba majirani wao ng'ambo ya mpaka wa Ethiopia, Wadassanech, hawakunyang'anywa na mtu. Mkoloni alimfunga mmoja mikono akamwacha mwenzake huru, halafu akashangaa kwa nini watu wanauana.

Shika hiyo picha, kwa sababu tutaiona tena na tena.

Sasa jiulize: hao Waingereza waliijengea nini Kaskazini baada ya kuchukua bunduki? Fikiria majina uliyokariri primari: Kapenguria, Lokitaung, Lodwar, Maralal. Unayajua kwa nini? Kwa sababu ni huko Kenyatta alihukumiwa, akafungwa, akazuiliwa. Mkoloni aliona Kaskazini kama mahali pa kutupa wafungwa. Hata kuingia huko ulihitaji kibali.

Tukapata uhuru Desemba 1963. Mwezi huohuo hali ya hatari ikatangazwa Kaskazini Mashariki, vita vya Shifta vikaendelea hadi 1967. Vita viliisha, lakini sheria za hali ya hatari zilibaki hadi 1991. Miaka 28, wasee. Katikati hapo, mwaka 1965, serikali ikatoa ile Sessional Paper nambari 10, iliyosema pesa za maendeleo ziende mahali zitaleta faida haraka. Ukiwa na mvua, kahawa na reli, umeomoka. Ukiwa na ngamia na jua, subiri. Kwa hivyo barabara hazikuja, shule zikawa za kuhesabu na vidole, na kituo cha polisi kikawa safari ya siku nzima.

Halafu ikafika 1979. Idi Amin akapinduliwa Uganda, askari wake wakatoroka kambi ya Moroto, na Wakarimojong wakajibebea maelfu ya bunduki kutoka ghala. Waturkana na Wapokot wakajikuta wanapakana na watu wenye bunduki za kijeshi. Uvamizi ule, ukame na kipindupindu vilikuja pamoja. Waturkana wanaikumbuka njaa ya 1979 hadi 1981 kwa jina Lopiar, ile iliyofagia kila kitu. Kama wewe ni baba wa familia hapo, na karao wa karibu yuko kilomita 80, utafanya nini? Utauza ng'ombe ununue bunduki. Baadaye, mwaka 1991, Siad Barre akaanguka Somalia na Mengistu akaanguka Ethiopia, soko likafurika.

Jibu la serikali lilikuwa lilelile la 1918. Februari 1984, Wajir, jeshi lilienda kukusanya bunduki za ukoo wa Degodia. Wanaume walikusanywa uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawekwa siku kadhaa kwenye jua bila maji wala chakula, na wengi wakauawa. Serikali kwanza ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilisema ni karibu 1,000. Manusura wanasema ni zaidi. Mtoto aliyempoteza babake pale atakuwa na miaka zaidi ya 40 leo. Ukimwambia arudishe bunduki serikali itamlinda, atakuangalia tu.

Na hapa kuna kitu huwa kinanimaliza. Mwaka 2008 Small Arms Survey, watafiti wenye makao Uswisi, walichapisha ripoti kuhusu Turkana Kaskazini. Walichunguza risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji, wakasoma alama zake, na wakasema karibu nusu zilitoka kwa polisi wa Kenya wenyewe. Nyingi zilikuwa zimetengenezwa hapa nchini, Eldoret. Kwa nini? Kwa sababu polisi hawakuweza kuwalinda Waturkana dhidi ya majirani, wakaona rahisi kuwapa risasi wajilinde. Ni mtindo uleule wa askari wa akiba, KPR: serikali inampa mfugaji bunduki, mwaka 2019 inazikusanya, baadaye inarudi kuajiri askari wa akiba wengine. Mkono mmoja unatoa, mwingine unachukua.

Sasa usinielewe vibaya, sisemi bunduki haina makosa. Zamani uvamizi wa mikuki ungeua wachache, na wazee wangekaa chini ya mti walipane fidia. AK-47 inaua watu wengi kabla mzee apate fimbo yake. Na siku hizi ng'ombe wa wizi hawaendi kulipa mahari peke yake. Wengine wanapakiwa kwa lori usiku, wanauzwa mjini, na mimi na wewe tunaweza kuwala na kachumbari bila kujua. Novemba 2012, pale Bonde la Suguta karibu na Baragoi, zaidi ya polisi 40 waliuawa wakifuata mifugo iliyoibwa. Hao pia walikuwa vijana wa watu. Hizo bunduki lazima zitoke.

Lakini zinatokaje? Novemba 2016 Rais Uhuru Kenyatta alichoma bunduki 5,250 kule Ngong, picha zikapendeza. Februari 2023 serikali ya Ruto ikapeleka jeshi kaunti sita na kuwapa watu siku tatu warudishe silaha. Ni mwendo uleule: ilani, askari, picha, halafu kimya hadi mazishi mengine.

Mtu hashikilii bunduki miaka 100 kwa sababu anapenda chuma. Anaishikilia kwa sababu jirani anayo na serikali hayuko nayo. Ukimnyang'anya mmoja pekee, umemchagulia nani atakufa mwezi ujao. Yeye analijua hilo kuliko waziri yeyote, ndiyo maana anarudisha ile mbovu na kuficha ile nzima.

Kwa hivyo operesheni ijayo ikitangazwa, na itatangazwa, usikimbilie kupiga makofi. Uliza maswali matatu. Je, Mpokot, Mturkana, Msamburu na jirani wa ng'ambo ya mpaka wananyang'anywa siku moja? Je, jeshi likiondoka, nani atalala pale na mifugo, na barabara ya kumfikia iko? Na hizo risasi, nambari zake zinasomwa na nani?

Mheshimiwa akikosa majibu ya hayo matatu, jua tunarudia 1918, tofauti ni helikopta tu.