Pembe na Vigae vya Kale

Ndugu wanafunzi wa Kilosa na Mikumi, tembo mnawajua. Je, mwajua kwamba zaidi ya miaka elfu moja iliyopita pembe zao zilifika hata Uchina? Al-Masudi wa Baghdad, aliyesafiri pwani yetu mwaka 916, aliandika kwamba pembe zilipelekwa Omani, na kutoka huko Bara Hindi na Uchina.

Na wazee wetu wa bara, je, waliishije siku zile? Hawakuacha vitabu. Waliacha vigae vya vyungu na mavi ya chuma, kama vile vilivyochimbuliwa Dakawa, karibu na mto Wami.

Basi jembe lako likifukua kigae cha kale, usikivunje. Kiache palepale, umwarifu mwalimu. Hicho ndicho kitabu chao.