Tofali la Kuchoma na Udongo Ulaya: Ujenzi wa Nyumba Vijijini Tanzania, 1967–1977

Mwaka 1977, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere aliwakosoa wananchi waliosubiri saruji na bati ilhali matofali ya kuchoma na vigae vingeweza kutengenezwa kwa udongo wa kwao. Kwake, kuutegemea huo ulioitwa udongo ulaya kulikuwa udhaifu wa fikra. Makala haya yanajenga hoja kwamba lawama hiyo, japo ilikuwa na msingi, haikuzingatia masharti ya tofali lenyewe.

Tofali la kuchoma halikuwa jambo geni. Misheni nyingi zililitumia tangu enzi ya ukoloni, na waliolitengeneza kwa mikono yao walikuwa mafundi na vibarua Waafrika. Hata hivyo, utengenezaji wake hudai mambo matatu. Kwanza ni nguvukazi ya kiangazi: udongo huchimbwa, hulowekwa na kukanyagwa, kisha matofali hufyatuliwa kwa kalibu ya mbao na kuanikwa, kwa kuwa mvua huliharibu tofali bichi. Pili ni kuni: matofali hupangwa kuwa tanuri lenye matundu ya moto chini, likasiribwa kwa udongo na kuchochewa kwa siku kadhaa. Tatu ni uhakika wa makazi.

Sharti la tatu ndilo lililotikiswa na Operesheni Vijiji. Mnamo Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kufikia mwisho wa 1976 kuishi vijijini kungekuwa lazima. Mamilioni ya watu walihamishwa, na katika baadhi ya maeneo nyumba zao za awali zilibomolewa au kuchomwa. Aliyehamishwa alihitaji paa kabla ya masika. Miti, udongo na nyasi vilimpatia haraka. Zaidi ya hayo, aliyeshuhudia nyumba yake ikibomolewa kwa amri alikuwa na sababu ya kusita kutumia kiangazi kizima kujenga ukuta asioweza kuhama nao.

Kwa upande mwingine, saruji nayo haikuwa tena ya Ulaya tu, kwani kiwanda cha Wazo Hill kilianza uzalishaji mwaka 1966. Kwa hiyo, si sahihi kuueleza uhaba wa nyumba za matofali kwa kasumba pekee. Sera ya kujitegemea kwa vifaa iligongana na namna sera ya makazi ilivyotekelezwa, na mgongano huo ulimwangukia mwanakijiji.