Mti wa Ndani Hauna Mvua, Una Ratiba

Wasee, cheki Winter Garden, ukumbi wa vioo ulioko New York kati ya maduka na ofisi. Ulifunguliwa mwaka wa 1988 na mitende 16 mirefu ndani. Septemba 11, 2001, minara ya World Trade Center ikaanguka hapo jirani, ukumbi ukaharibika vibaya. 2002 ukafunguliwa tena, na mitende mipya.

Hiyo stori ya kuinuka inajulikana. Isiyosimuliwa ni ya kazi ya kila wiki. Ndani hakuna mvua ya kuosha majani, na jani lenye vumbi hupata mwanga kidogo. Lazima mtu apande ngazi afute, akague wadudu, apime maji, akate makuti makavu. Tena mti hukua, paa halikui. Kufikia 2013 mitende ilibadilishwa tena.

Kupanda ni siku moja; kutunza ni miaka. Kwa hivyo mall mpya ikizindua miti yake kwa mbwembwe, piga selfie, sawa. Halafu uliza: zamu ya kuitunza ni ya nani, na analipwa ngapi?