Chuma Kinapogeuka Bunduki: Mafundi wa Nyumbani na Sheria ya Marekani

Bunduki ndefu ya Pennsylvania, ambayo Wamarekani wengi huihesabu kuwa silaha yao ya asili, haikuzaliwa kiwandani. Ilitoka katika vibanda vya wahunzi wa Lancaster na maeneo jirani, wengi wao wahamiaji kutoka Ujerumani na Uswisi, katika nusu ya kwanza ya karne ya 18. Walikuja na ujuzi wa bunduki fupi na nzito ya wawindaji wa kwao. Wakarefusha mtutu, wakapunguza ukubwa wa risasi ili baruti na madini ya risasi vidumu siku nyingi porini, wakaipa kitako cha mti wa maple. Ilikuwa bunduki ya gumegume, ya kushindiliwa baruti mdomoni, ndugu wa gobore linalojulikana Afrika Mashariki. Iliyoitenga na gobore ni mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka ndani ya mtutu, ambayo iliifanya risasi ijizungushe na kushika mstari. Namba haikuwapo. Fundi aliyetaka kujulikana alichora jina lake juu ya mtutu, basi.

Vita vya uhuru vilipoanza mwaka 1775, kamati za usalama za makoloni ziliwaendea mafundi hao hao kuagiza bunduki za askari. Serikali mpya haikupenda kuwategemea daima. Kuanzia 1794 ilijenga viwanda vyake Springfield, Massachusetts, na Harpers Ferry, Virginia; na huko Harpers Ferry, katika miaka ya 1820, John Hall alifanikiwa kutengeneza bunduki ambazo kipuri cha moja kiliingia katika nyingine bila kupigwa tupa. Mhunzi wa kijijini hakuweza kushindana na hilo. Taratibu akawa mtengenezaji wa zilizoharibika.

Ufundi wenyewe haukufa, ila ulihama kutoka riziki hadi mapenzi. Mwaka 1933 wapenzi wa bunduki za kushindilia waliunda chama chao cha taifa. Katika mji wa makumbusho wa Williamsburg, Wallace Gusler alitengeneza bunduki nzima kwa zana za karne ya 18, kuanzia kipande cha chuma hadi mtutu uliokamilika, na kazi hiyo ikawekwa katika filamu ya 1969. Miaka kumi baadaye wanafunzi wa sekondari wa milima ya Georgia walichapisha kitabu cha Foxfire 5, ambacho sehemu yake kubwa ni maelezo ya wazee kuhusu uhunzi na bunduki za gumegume. Ni lazima watu hawa wakumbukwe kila sheria inapojadiliwa. Kwa miongo mingi, anayejitengenezea bunduki nyumbani alikuwa kwa kawaida mtu wa kushindana na mbao na tupa, si mtu wa kukimbia polisi.

Sheria nayo ilitungwa ikiwa na picha hiyo kichwani. Ile ya 1934 iliweka kodi ya dola 200 kwa kuhamisha umiliki wa bunduki za rashasha, bunduki zilizokatwa mtutu na vizuia sauti. Bunduki za kawaida haikuzigusa kwa namna hiyo. Mwaka 1968, baada ya kuuawa kwa Martin Luther King na Robert Kennedy, Bunge lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Silaha. Kila mtengenezaji na mwagizaji mwenye leseni akatakiwa kuipa kila bunduki namba. Lakini leseni ilidaiwa kwa anayefanya biashara. Anayejitengenezea mwenyewe, bila nia ya kuuza, hakudaiwa chochote. Huo haukuwa usahaulifu. Msingi wa sheria ulikuwa biashara baina ya majimbo, na bunduki isiyouzwa haikupita sokoni.

Kifungu kimoja cha sheria hiyo ndicho kilichokuja kuleta mzozo. Bunduki ni vipande vingi, na haiwezekani kusajili kila skrubu, kwa hiyo sheria ilichagua kiwiliwili chake, yaani sehemu inayobeba mitambo ya kufyatulia, na kukihesabu kuwa bunduki kamili. Mtutu na kitako huuzwa kama misumari. Swali ambalo sheria haikulijibu ni hili: kipande cha chuma ambacho bado hakijakamilika kinageuka kiwiliwili lini?

Wafanyabiashara walilijibu kwa faida yao. Waliuza viwiliwili ambavyo, kwa hesabu yao, vimekamilika kwa asilimia 80, na baadaye wakaviuza pamoja na vipuri vyote ndani ya boksi moja. Mnunuzi hakuchunguzwa rekodi yake, na boksi halikuwa na namba. Hobi ambayo ilimtaka mtu miaka ya uanagenzi ikawa kazi ya mchana mmoja. Mwaka 2017 polisi wa Marekani walipeleka kwa mamlaka za taifa bunduki za namna hiyo zipatazo 1,600 ili asili yake itafutwe. Mwaka 2021 zilizidi 19,000. Mwezi Novemba 2019, katika shule ya Saugus, California, mwanafunzi wa miaka 16 aliua wenzake wawili kwa bastola iliyounganishwa kutoka boksi kama hilo, ingawa jimbo hilo lilikuwa limekwisha kudai namba kwa silaha za nyumbani.

Wamarekani huziita bunduki za mzuka. Kiswahili kingeweza kuziita hewa, lakini neno lingegeuka miguu juu: mtumishi hewa yumo daftarini ila hayupo, bunduki hii ipo ila haimo daftarini.

Kabla mabishano ya maboksi hayajatulia, chuma chenyewe kilianza kutohitajika. Mwezi Mei 2013 Cody Wilson, mwanafunzi wa sheria huko Texas, aliweka kwenye intaneti ramani ya bastola ya plastiki ya kuchapwa kwa printa ya pande tatu, akaiita Liberator, jina la bastola ya bei rahisi ambayo Marekani iliitengeneza katika Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya wapiganaji wa chini kwa chini. Ilipakuliwa zaidi ya mara 100,000 ndani ya siku mbili. Wizara ya Mambo ya Nje ilitumia kanuni za usafirishaji wa silaha nje ya nchi kuiamuru iondolewe. Wilson akashtaki, akidai kwamba ramani ni maneno na maneno yana uhuru. Serikali ilikubali suluhu mwaka 2018, na jaji wa Seattle akaizuia mwishoni mwa Julai mwaka huo. Kwa vyovyote, nakala zilikwisha kusambaa. Hapa ndipo udhibiti unapokuwa mgumu kweli, maana mkaguzi anaweza kufika kiwandani, lakini hawezi kufika kwenye kila kompyuta.

Sheria kali peke yake haitoshi, na Japani inalithibitisha hilo. Nchi hiyo ina masharti makali ya silaha kuliko karibu nchi zote, na bado tarehe 8 Julai 2022 waziri mkuu wa zamani Shinzo Abe aliuawa mjini Nara kwa bunduki iliyotengenezwa nyumbani. Hata hivyo, ni haki kusema kwamba mauaji ya bunduki huko ni machache mno.

Mwaka 2022 shirika la ATF, linalosimamia silaha nchini Marekani, lilitoa kanuni inayoyahesabu maboksi mengi ya vipuri kuwa bunduki, yenye kuhitaji namba na uchunguzi wa mnunuzi. Jaji wa Texas aliifuta, rufaa ikafuata, na tarehe 26 Machi 2025 Mahakama ya Juu iliipitisha kwa majaji 7 dhidi ya 2. Jaji Neil Gorsuch alijibu lile swali la 1968 kwa mfano wa nyumbani: mtu husema amenunua meza ingawa iliyo ndani ya boksi bado ni mbao na skrubu. Hoja hiyo ni nyepesi kusoma kuliko kurasa nyingi za kanuni, na pengine ni bora zaidi.

Hukumu hiyo iliwahusu wauzaji wa maboksi. Haikumgusa anayeanza na kipande kitupu cha chuma, wala anayechapa plastiki. Baadhi ya majimbo, California na New Jersey yakiwemo, yamejitungia masharti yao. Lakini kwa sheria ya taifa, raia asiyekatazwa kumiliki silaha, anayejitengenezea bunduki ya kawaida bila kuuza, bado hahitaji leseni wala namba.