Kutoka tangazo la kwanza mpaka soko la WhatsApp: namna biashara ya intaneti imebadilika

Mwezi hauishi bila mtu wa kanisa kutuletea simu yake na kutuuliza: «Mchungaji, hii ni ya kweli?» Mara ni gari kutoka Dubai, mara ni dawa, mara ni mashini ya kushona kwa nusu ya bei. Mwaka jana mama mmoja mshonaji alituma dola 80 kwa muuzaji aliyemwona kwenye simu tu. Siku ileile namba ile ilifungwa. Dola hizo zilikuwa akiba ya miezi saba.

Kwa sababu hiyo tumeona vema kueleza biashara ya intaneti ilianza namna gani, na matangazo yake yalifikaje mahali yalipo leo. Katika historia hii yote kuna maswali mawili yanayorudi. La kwanza: mnunuzi atamwaminije muuzaji asiyemwona? La pili: vitu tunavyopewa bure, nani anavilipia?

Mtandao uliotolewa bure

Tovuti tunazofungua leo zinatokana na kazi ya Mwingereza Tim Berners-Lee. Mwaka wa 1989 alikuwa akifanya kazi CERN, kituo cha wanasayansi karibu na mji wa Geneva, Uswisi. Alitaka wenzake waweze kusomeana maandishi kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba kila mtu anaweza kutumia uvumbuzi huo bila kulipa.

Lakini mwenye tovuti anahitaji mashini, umeme na wafanyakazi. Msomaji halipi, basi pesa itatoka wapi? Jibu lilikuja haraka.

Mwaka wa 1994

Tarehe 11 Agosti 1994, kule Marekani, kampuni ndogo iitwayo NetMarket iliuza diski ya mwanamuziki Sting kwa dola 12,48 pamoja na gharama ya kuituma. Jambo jipya halikuwa diski. Namba ya kadi ya mnunuzi ilipita kwenye mtandao ikiwa imefichwa kwa maandishi ya siri, ili mwizi asiweze kuisoma njiani.

Tarehe 27 Oktoba mwaka uleule, tovuti ya HotWired iliweka vibao vya matangazo juu ya kurasa zake. Kimoja kilikuwa cha kampuni ya simu AT&T. Ukikibonyeza, unapelekwa kwenye ukurasa wa mwenye tangazo.

Mwaka huohuo pia, Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alitengeneza kitu kinachoitwa kuki. Ni maandishi mafupi ambayo tovuti inayaacha ndani ya kompyuta yako, ili ukirudi ikutambue. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa nzuri: duka likumbuke vitu ulivyokwisha kuweka kwenye kikapu. Baadaye makampuni ya matangazo yaliichukua ili kumfuata mtu kutoka tovuti moja hadi nyingine.

Kumwamini mtu usiyemwona

Julai 1995 Amazon ya Jeff Bezos ilianza kuuza vitabu. Septemba mwaka huohuo Pierre Omidyar alianzisha soko la mnada ambalo baadaye liliitwa eBay. Pale wageni waliuziana wao kwa wao, na hapo ndipo hofu ilipokuwa kubwa. Mwaka wa 1996 Omidyar aliweka njia ya mnunuzi kuandika hadharani kama muuzaji alikuwa mwaminifu au hapana. Mdanganyifu akajulikana kwa wote.

Kule China, watu walikuwa na hofu ileile. Kampuni ya Alibaba ikaleta huduma ya malipo ya Alipay, iliyosimama peke yake mwaka wa 2004. Mnunuzi analipa, lakini pesa inashikwa katikati. Muuzaji anaipata baada ya mnunuzi kusema kwamba mzigo umefika na ni mzima. Tuikumbuke namna hii, tutairudia chini.

Si wote waliofaulu. Pets.com iliuza chakula cha wanyama wa nyumbani na kumwaga pesa nyingi katika matangazo ya televisheni, huku ikiuza chini ya gharama. Novemba 2000 ilifunga milango. Tangazo kubwa si ushahidi wa kazi imara.

Tangazo linalojua unachotafuta

Google ilianzishwa mwaka wa 1998 ili kusaidia watu kutafuta mambo kwenye mtandao. Oktoba 2000 ilianza kuuza matangazo yanayofuata neno unaloandika. Ukitafuta «viatu», unaonyeshwa wauza viatu. Kuanzia mwaka wa 2002 mwenye tangazo alilipa pale tu mtu anapobonyeza. Kila unapotafuta, programu inafanya mnada wa haraka: inaangalia nani anatoa bei gani, na tangazo lipi lina nafasi ya kubonyezwa. Kwa hiyo anayetokea juu kabisa kama tangazo amelipia nafasi. Si lazima awe ndiye mwaminifu kuliko wengine.

Tangazo linalokujua wewe

Facebook ilianza mwaka wa 2004. Novemba 2007 ilijaribu mpango ulioitwa Beacon: mtu akinunua kitu kwenye tovuti nyingine, rafiki zake waliarifiwa. Watu walilalamika sana, na mwaka wa 2009 mpango ukafungwa. Lakini kazi ya kukusanya habari za watu iliendelea kimya. Unachopenda, unapoishi, umri wako, video uliyoitazama mpaka mwisho: vyote vinasaidia kuchagua tangazo la kukuonyesha.

Matokeo yanaonekana katika hesabu. Mwaka wa 2023 kampuni ya Alphabet, yenye Google, iliingiza dola zaidi ya milioni elfu 300, na zaidi ya robo tatu zilitoka kwenye matangazo. Meta, yenye Facebook na WhatsApp, ilipata kwa matangazo zaidi ya dola 95 katika kila dola 100 ilizoingiza. Hilo ndilo jibu la swali letu la pili. Anayelipa ni mwenye tangazo, na kitu anachonunua ni macho yetu na muda wetu.

Kwetu, soko liliingia kwa njia ya simu

Wengi wetu hatukupita njia ya kompyuta na kadi ya benki. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na mwaka wa 2012 ikafika Kongo. WhatsApp ilileta programu ya wafanyabiashara mwaka wa 2018. Leo muuzaji wa Goma, Bukavu, Bunia au Butembo anaweka picha ya mzigo kwenye simu yake asubuhi, na kabla ya jioni ameuza. Ni msaada mkubwa, hasa kwa mama asiye na pesa ya kukodi duka.

Lakini tuangalie kilichokosekana. Katika kikundi cha WhatsApp hakuna mahali pa kusoma ushuhuda wa wanunuzi wote waliotangulia, na hakuna anayeshika pesa katikati. Ukituma pesa kwa simu, inafika mara moja, na mtu akikwisha kuitoa, kuirudisha ni kazi ngumu. Tumepata mwendo wa haraka wa biashara mpya bila ulinzi ambao wengine waliujenga polepole.

Sheria zinasema nini

Umoja wa Ulaya ulianza kutumia sheria ya kulinda habari za watu tarehe 25 Mei 2018. Kuanzia Aprili 2021, simu za Apple zinauliza mwenyewe kama anakubali kufuatwa na programu. Nchi yetu nayo ina Code du numérique, iliyotolewa tarehe 13 Machi 2023, inayogusa biashara ya kielektroniki na habari za watu. Ni hatua njema. Lakini sheria hairudishi dola 80 siku ileile.

Tufanye nini

1. Lipa baada ya kuona. Ikiwa muuzaji yuko mji mwingine, omba ndugu wa kanisa la huko apite dukani, aguse mzigo na kuujaribu. Kwa njia hiyo yeye ndiye anayesimama katikati.

2. Omba video ya mzigo wakati huohuo mnapozungumza. Picha moja inaweza kuibwa popote.

3. Kwenye Facebook, tafuta neno «Sponsorisé». Maana yake ni kwamba nafasi ile imelipiwa.

4. Usimpe mtu namba yako ya siri, wala namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu yako.

5. Tunza ujumbe wote wa malipo. Bila huo hakuna ushahidi.

Nanyi vijana mnaouza kwa simu, andikeni bei ya kweli na hali ya kweli ya mzigo. Anayepiga picha upande mzuri tu na kuficha ulipovunjika, mizani yake si ya haki, hata kama haishiki mkononi.

Mama yule mshonaji alikusanya tena. Safari ya pili tulimwomba mzee mmoja wa kanisa la Butembo aende kwa muuzaji. Alikaa kwenye mashini, akashona kipande cha kitenge, ndipo akapiga simu: «Mama, inashona. Tuma.» Bei ilikuwa juu kwa dola 25. Mashini ile inafanya kazi mpaka leo.