Unyevu wa hewa: adui asiyeonekana wa vipimo na vihisi

PAKITI ndogo ya karatasi ya aluminiamu ndiyo kinga ya kwanza ya kipimo cha haraka cha malaria kinachotumika katika zahanati za Lodwar na Kakuma, Kaunti ya Turkana. Ndani yake mna utepe wenye kingamwili zilizokaushwa, pamoja na kifuko cha chembechembe za silika ambazo kazi yake ni kufyonza maji yaliyomo hewani.

Pakiti ikitoboka, au ikifunguliwa mapema, unyevu huingia na kingamwili huanza kuharibika. Kipimo chaweza kuonyesha kwamba mgonjwa hana malaria ilhali anayo, naye akarudi nyumbani bila dawa. Kwa mtoto mchanga, kosa hilo laweza kugharimu uhai.

Huenda msomaji akashangaa, kwani Turkana ni nchi kame. Lodwar hupata takriban milimita 200 tu za mvua kwa mwaka, na joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 34 za Selsiasi. Lakini hatari haitokani na wingi wa mvua pekee, bali pia na mabadiliko ya ghafla. Hewa ikipoa usiku, kiwango chake cha unyevu hupanda hata kama maji yaliyomo ni yale yale. Mvua za Machi hadi Mei zinapoanguka, hali hugeuka kwa saa chache.

Tatizo hilo ni kubwa zaidi kwa vihisi vya grafini, ambavyo wanasayansi wanavitengeneza ili vitambue gesi na vijidudu vya maradhi. Vihisi hivyo bado ni vya maabara zaidi kuliko vya zahanati.

Grafini ni tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuitenga mwaka 2004, na wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2010.

Kwa kuwa kila atomu yake iko juu, hakuna iliyojificha ndani, grafini huhisi hata kiasi kidogo mno cha gesi. Sifa hiyo hiyo ndiyo udhaifu wake: molekuli za maji nazo hutua juu yake na kubadilisha mkondo wa umeme. Kihisi kilichosawazishwa adhuhuri chaweza kutoa jibu jingine alfajiri, ingawa gesi inayopimwa haijabadilika.

Kuna njia kadhaa za kukabiliana na hali hiyo:

Kwanza ni kufunika nyaya na viungio kwa utando usiopitisha maji, na kuacha wazi sehemu inayohisi tu. Kihisi cha gesi huweza kuwekewa kichujio kinachozuia matone na kupitisha hewa, lakini mvuke wa maji bado hupenya.

Pili ni kutibu kitako ambacho grafini imelazwa, kwa kuwa kioo cha silika huvuta maji.

Tatu ni kupasha kihisi joto ili maji yaondoke. Njia hii hula umeme, nalo ni jambo la kuzingatiwa pale panapotegemewa paneli za jua.

Nne ni kuweka kando kihisi cha pili kinachopima unyevu pekee, ili athari yake iondolewe kwa hesabu.

Kihisi cha kupima damu hufanya kazi ndani ya majimaji, hivyo kwake hatari kubwa ni wakati wa kuhifadhiwa, sawa na kipimo cha malaria.

Kwa vipimo vilivyopo leo, kanuni ni nyepesi. Pakiti iliyotoka kwenye jokofu iachwe kwanza ipate joto la chumba, isije ikafanya umande ndani. Ifunguliwe tu mgonjwa akiwa tayari, na kitumike mara moja. Iwapo chembechembe za silika zilizotiwa rangi ya kuashiria unyevu zimebadilika rangi, kipimo hicho kitupwe.