Pawa Saplai Mpya Ilivyonizimia Kompyuta

Leo tuzungumzie historia ya kile kisanduku cha chuma kilicho nyuma ya kompyuta, kinachopokea stima. Mimi nilifunzwa historia hiyo na hasara.

Mwaka 2017 nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, nikiandika mradi wangu kwenye kompyuta ya mezani aliyonipa mjomba, mtumba wenye prosesa ya Core 2 Quad Q6600. Usiku mmoja stima ilipotea, iliporudi pawa saplai ikatoa moshi. Kesho yake nikashuka Luthuli Avenue kununua nyingine. Ya kwanza iliandikwa wati 350, hii 400. Nikajiona mjanja.

Iliwaka vizuri. Lakini kila nikianza kukompaili, dakika mbili tatu tu, kompyuta inajizima na kujiwasha upya. Nilichomoa memori nikazipangusa, nikaweka Linux upya, nikashuku hata kodi yangu mwenyewe. Wiki mbili zikapotea, na siku ya kuwasilisha mradi zilibaki tatu.

Sasa turudi nyuma kidogo. IBM PC ya 1981 ilikuwa na pawa saplai ya wati 63.5. Chipu za enzi hizo zilikula volti 5, na volti 12 zilikuwa hasa za mota za diski. Kulikuwa na zile plagi mbili za P8 na P9, ambazo ukizichomeka kinyume unaweza kuua bodi, kwa hivyo mafundi walikariri: nyaya nyeusi zikutane katikati. Mwaka 1995 Intel ikaleta ATX, plagi moja ya pini 20 isiyoingia kinyume. (Hata hivyo Dell, mwishoni mwa miaka ya 1990, ilitumia plagi yenye umbo lilelile huku nyaya zimepangwa tofauti. Waliochomeka pawa saplai ya kawaida walijionea.)

Mageuzi yenyewe yalikuja mwaka 2000 na Pentium 4. Prosesa zilikuwa zimekuwa na njaa. Wati 60 kwa volti 5 ni ampea 12, lakini kwa volti 12 ni ampea 5 tu, na waya hazipati moto. Basi kikaongezwa kiplagi cha pini 4 chenye nyaya mbili za manjano, bodi ikapokea volti 12 na kuzishusha yenyewe karibu na prosesa. Mwaka 2003 ATX12V 2.0 ikahamishia nguvu nyingi upande huo wa volti 12, na plagi kubwa ikawa ya pini 24.

Fundi mmoja jirani alinigeuzia pawa saplai yangu, akaniambia, "Soma hapa, kijana." Volti 5, ampea 30. Volti 12, ampea 13. Piga hesabu: wati 156 tu! Kumbe nilikuwa nimeuziwa muundo wa kabla ya 2003, wa pini 20, ambao huingia kwenye soketi ya pini 24 bila kulalamika. Wati zangu 400 nyingi zilikuwa upande ambao kompyuta haikuzihitaji. Q6600 peke yake hupimwa wati 95 hadi 105 kulingana na toleo, bado diski na feni.

Tulipima kwa mita. Kompyuta ikipumzika, volti 11.9. Kori zote nne zikifanya kazi, zikashuka chini ya 11, na ATX inaruhusu mwisho 11.4. Pawa saplai hutuma kwa bodi ishara kwamba stima iko sawa. Ishara hiyo ikikatika, bodi huanza upya papo hapo, bila ujumbe wowote wa kosa. Ndiyo maana logi zangu zilikuwa safi kabisa.

Fundi alinitolea pawa saplai ya wati 300 kwenye kompyuta iliyokufa. Wati mia moja pungufu, lakini ampea 18 kwenye volti 12. Nikakompaili usiku kucha.

Ile ya 400 alimpelekea mjomba kwenye kinyozi chake, akamtengenezea ubao wa kuchajia simu za wateja. Simu hula volti 5.